Jalada Lenye Kuku

Nilifukuzwa shule wiki mbili kwa kosa la kuwajali wenzangu. Kwenye barua waliliandika vinginevyo, lakini ukweli ni huo. Nilikuwa nimebandika tangazo rasmi kwenye ubao wa bwalo, lenye mhuri niliouchonga kwa kiazi, kwamba kuanzia Jumatatu uji wa asubuhi utaliwa kwa uma "ili kuinua hadhi ya taasisi." Jumatatu ikafika. Madarasa mawili mazima yakapanga foleni na uma mkononi. Mwalimu wa zamu, ambaye hakuwa amelisoma tangazo na hakutaka ijulikane, akawakemea wale waliokuja na vijiko.

Mama alinipokea mimi na sanduku langu la bati bila kunifokea. Alinitazama tu kama mtu aliyefika nyumbani na viatu vipya akakuta vyote viwili ni vya kushoto.

"Utakaa kwa mjomba wako," alisema. "Yule hana neno na mtu. Ukimfanyia mzaha yule, jua umemfanyia malaika."

Nilimhakikishia kwamba malaika wote watakuwa salama chini ya uangalizi wangu. Niliitumia ile sauti yangu ya kutangazia, ambayo shuleni imenipatia jina la Mheshimiwa. Hapo ndipo aliponinyang'anya simu.

Mjomba ni kaka mkubwa wa Mama. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa na kazi moja: kutengeneza jalada la jarida la muziki. Yaliyomo ndani yanawahusu wengine. Yeye ni jalada tu, kila mwezi, na likishakwenda kiwandani analala siku moja, kisha anaanza kuhangaikia jingine.

Ofisi yao iko juu ya duka la miwani. Chumba chake ni kirefu na chembamba kama soksi. Kina meza mbili, kompyuta, na printa kubwa inayokohoa kabla ya kutoa karatasi. Ukuta wa mwisho ni mtupu na umejaa matundu ya pini. Mbali kidogo na ukuta huo, sakafuni, kuna utepe mweupe wa gundi uliochakaa kwa kukanyagwa.

"Hapa ni hatua saba," alinieleza siku ya kwanza. "Mtu akipita mbele ya meza ya magazeti, huwa mbali kiasi hiki. Simama. Sasa fumba macho nusu, kama mtu mwenye haraka zake. Unaona nini?"

"Giza kiasi."

"Ukutani, Mheshimiwa." Jina langu lilikuwa limeshanitangulia.

Nikatazama. Ukutani alikuwa amebandika jalada la mwezi uliopita, lenye mpiga gita wa makamo aliyevaa koti.

"Naona njano. Naona gita. Naona 'Siri ya…'"

"Siri ya nini?"

"Haisomeki."

"Basi siri imetunzwa," alisema kwa huzuni, akaandika kwenye daftari lake.

Siku ile nilijifunza mengi ambayo sikuyaomba. Kwa mfano, wauza magazeti hawayatandazi majarida moja moja. Huyapanga kama karata mkononi, moja limelalia jingine, kwa hiyo kinachoonekana ni ukanda wa kushoto tu, upana wa vidole vinne. Jambo lako kubwa ukiliweka kulia, umelizika. Nilijifunza pia kwamba macho ya binadamu hufuata macho ya binadamu mwenzake, hata yakiwa ya karatasi. Na zaidi ya yote, nilijifunza sheria kuu ya Mjomba, iliyoandikwa kwenye kadi juu ya kompyuta: MSOMAJI HABISHIWI.

Maana yake ni hii. Kabla ya kuanza jalada lolote, Mjomba humtafuta mtu mmoja wa aina ile inayotakiwa kulinunua jarida, humkalisha kwenye kigoda kando ya meza, humuuliza maswali, huandika majibu, kisha hufanya kama alivyoambiwa. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa kinyozi wake, shabiki mkubwa wa bendi za dansi. Kinyozi akisema nyekundu, ni nyekundu. Mambo yalikwenda vizuri. Tatizo ni kwamba kinyozi naye alikuwa akizeeka, na wasomaji wakizeeka pamoja naye.

Hilo lilielezwa wazi siku yangu ya pili, Mhariri alipoingia. Alikuwa dada wa miaka chini ya thelathini, mgeni katika cheo, mwenye simu mbili na heshima nyingi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mhariri."

"Mzee wangu, wasomaji wetu wanazeeka."

"Kila mtu anazeeka."

"Hawa wanazeeka kwa pamoja. Mimi nataka wa miaka kumi na sita hadi ishirini na mbili. Toleo hili ni la Chiriku."

Chiriku hakuhitaji maelezo. Alikuwa na miaka ishirini, na wimbo wake ulikuwa ukipigwa hata kwenye duka la miwani chini yetu, mara tisa kwa siku kwa hesabu yangu.

"Nikuambie ukweli ili usije ukausikia koridoni," Mhariri aliendelea. "Kuna kampuni ya nje inataka kutengeneza majalada yetu. Kama jalada hili la Chiriku halitawavuta vijana, nitawapa wao kuanzia toleo lijalo. Wewe utahamia matangazo madogo."

Matangazo madogo ni ukurasa wa mwisho: gita lililotumika, mwalimu wa kinanda, mbwa aliyepotea anayeitikia muziki. Mjomba alisema, "Nimeelewa." Mhariri alipotoka, akaanza kupanga pini zake kwa urefu, ingawa zote zilikuwa sawa.

Kisha akanigeukia.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita na nusu."

Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akaikuta kichwani. Akakivuta kigoda. "Kaa. Wewe ndiye msomaji."

Naomba nihukumiwe kwa haki. Mtu mzima amekaa mbele yako, kalamu mkononi, tayari kuandika kila utakalosema na kulitekeleza, na ameapa kwa kadi iliyo juu ya kompyuta kwamba hatakubishia. Hata mtakatifu angeteleza, na mimi sikuwahi kudai cheo hicho.

"Kwanza uso," nilisema kwa uzito. "Vijana hatupendi tena kuona uso."

"Hampendi?"

"Umepitwa na wakati. Siku hizi tunatazama kisogo."

"Kisogo," aliandika. "Na rangi?"

"Kijani. Lakini isiwe ya majani mabichi. Iwe ya mboga iliyolala sufuriani."

"Maandishi je?"

"Yapande kutoka chini kwenda juu, mtu avunje shingo. Kinachosomeka kirahisi ni cha wazazi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyegongwa na hekima. Hapo ningenyamaza, hadithi ingekuwa fupi.

"Kuna kingine?" aliuliza.

"Kuku."

"Kuku?"

"Kila kitu cha vijana siku hizi kina kuku. Ni ishara. Siruhusiwi kueleza zaidi."

Akaandika KUKU, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Kesho yake alasiri jalada lilikuwa ukutani. Kilichonitisha ni uzuri wake. Mjomba hajui kufanya kazi vibaya, hata anapofanya jambo la ajabu. Kijani kilikuwa kile kile cha sufuria, kimepakwa kwa ustadi. Kisogo cha Chiriku kilikuwa kimechukuliwa kutoka picha ya jukwaani na kunyooshwa taratibu, unywele kwa unywele. Na kwenye bega la kushoto, mahali pa heshima, ndani ya vidole vinne vile vinavyoonekana, alisimama kuku jike wa rangi ya udongo, akikukazia jicho kama anayekudai maelezo. Mjomba alikuwa ameamka mapema kwenda kumpiga picha kwa jirani.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikacheka mpaka muuza miwani akapanda kuniuliza kama naumwa.

Niliporudi, chumba kilikuwa kitupu. Ukuta wa kati ya Mjomba na Mhariri ni ubao mwembamba, hauzuii hata chafya, kwa hiyo nilisikia bila kutega sikio. Kwanza mlio wa karatasi ikikunjuliwa. Kisha sauti ya Mhariri.

"Mzee wangu. Huyu ni kuku?"

"Ni kuku."

"Kwenye bega la Chiriku."

"Ndiyo. Nimemuuliza msomaji."

"Msomaji gani huyo?"

"Wa umri uleule unaoutaka."

Nilingoja alitaje jina langu. Hakulitaja.

"Mzee wangu," Mhariri alisema, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele, "wale wa nje wameshaniletea sampuli yao. Keshokutwa jioni jalada moja linakwenda kiwandani, lako au lao. Una kesho tu. Nakupa kesho kwa heshima ya miaka kumi na tisa."

Mjomba akarudi. Akalibandika jalada ukutani, akasimama kwenye utepe mweupe, akafumba macho nusu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba msaada kweli:

"Mheshimiwa, au kuku awe mdogo?"

Nimewahi kusimama mbele ya shule nzima nikaungama kwa sauti kavu, mkono mmoja mfukoni. Nimewahi kuombewa dua na mwalimu wa hesabu. Hakuna lililowahi kuniingia kama swali lile.

"Mjomba," nilisema, "hakuna kuku."

"Nimwondoe kabisa?"

"Namaanisha hakuna kuku popote. Vijana hawana kuku. Nilikudanganya."

Akavua miwani yake. "Na kisogo?"

"Na kisogo."

"Kijani?"

"Na kijani."

"Kinachosomeka kirahisi ni cha wazazi?"

"Hilo… hilo lina ukweli kidogo."

Akaifuta miwani kwa ncha ya shati, jicho moja kwanza, la pili baadaye, akairudisha usoni.

"Mama yako alinionya," alisema. "Aliniambia, kila kitu muulize mara mbili. Nikasahau ile ya pili." Akafungua ukurasa mpya. "Haya. Hii ndiyo ya pili. Kaa."

Hakunigombeza. Ila hakunitazama, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kutazama, hiyo ilikuwa adhabu kamili. Nilikaa kwenye kigoda kama mshtakiwa ambaye ameshakubali makosa na sasa anangoja tu aambiwe miaka.

"Jarida likifika bwenini kwenu," aliuliza, "mnalifanya nini?"

Nilitaka kusema tunalisoma. Nikalimeza jibu hilo. "Tunalikata."

Kalamu ikasimama. "Mnakata nini?"

"Jalada, Mjomba. Linazunguka vitanda vyote, kila mtu anasoma anachotaka, halafu mwenye zamu anachukua wembe na rula, anakata picha, anaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake kwa dawa ya mswaki. Gundi Matroni anaikamata. Dawa ya mswaki haiwezi, ni usafi."

"Na maandishi?"

"Maandishi yakiwa juu ya uso, haibandikwi. Nani anataka kufungua sanduku asubuhi amkute mtu ameandikwa 'Ndani: Mbinu Sita' kwenye paji la uso?"

Nilimwona Mjomba akihesabu kitu moyoni, na nadhani alikuwa akihesabu mapaji ya nyuso ya miaka kumi na tisa.

"Sanduku lako liko wapi?" aliuliza.

"Nyumbani kwako. Chini ya kitanda."

Akachukua rula na kofia.

Nyumbani alipiga magoti mbele ya sanduku langu kama daktari, akainua kifuniko. Ndani kulikuwa na nyuso sita, zimepangwa safu mbili, zote bila neno hata moja. Akazitazama moja baada ya nyingine.

"Jalada hili si letu," alisema. "Hili si letu. Hili pia." Alipofika pembeni, akainama karibu zaidi. Kati ya nyuso mbili palikuwa na kipande kidogo cha karatasi, hakina mtu wala kitu, ni rangi tupu niliyoibandika kuziba kutu. "Hii njano ni yangu," alisema.

"Ni ya wapi?"

"Ya mpiga gita mwingine, wa mwaka juzi. Ulimtupa mwenyewe ukabaki na ukuta wa nyuma yake?"

"Alikuwa ameandikwa mpaka kidevuni, Mjomba. Lakini njano ilikuwa nzuri. Tuligombania."

Kwa mara ya kwanza tangu kuku, alinitazama. Kisha akaweka rula, akapima upana wa kifuniko na nafasi kati ya kingo mbili za bati, akagawa kwa tatu, akaandika namba, akapima tena.

"Nyuso tatu kwa safu," alisema. "Jalada letu limezidi kwa vidole vinne."

"Ndiyo. Kwa hiyo tunakata upande mmoja."

"Upi?"

"Wowote wenye maneno mengi."

Akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda, akaanza kucheka taratibu bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nilidhani amevunjika. Kumbe alikuwa amepata. Vidole vinne vya muuza magazeti na vidole vinne vya wembe wetu vilikuwa vidole vilevile.

Siku iliyofuata tulifanya kazi toka asubuhi mpaka printa ikaishiwa pumzi. Maneno yote, jina la jarida na vichwa vya habari, aliyasukuma kwenye ukanda mweusi wa kushoto, meupe, makubwa, yanayosomeka kwa hatua saba na macho nusu. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa ya Chiriku peke yake, juu ya njano. Picha tuliibishania. Yeye alitaka ile ya jukwaani yenye taa. Mimi nikachimba mpaka chini ya rundo nikatoa moja ambayo mpigapicha aliitupa kwa sababu Chiriku hakuwa tayari: anavaa hereni, kichwa kimeinama kidogo, anakutazama moja kwa moja kana kwamba umeingia chumbani bila hodi na hajakasirika.

"Hajajiandaa," Mjomba alisema.

"Na sisi tukifungua sanduku asubuhi huwa hatujajiandaa."

Akanyoosha mkono kuelekea kadi iliyo juu ya kompyuta, akaigusa, akaichukua picha.

Mhariri alilitazama muda mrefu. "Umeyasukuma maneno yote pembeni kama wageni wasioalikwa."

"Nenda nalo mezani kesho," Mjomba alisema. "Lao, langu, na lile la kuku. Yote matatu."

"La kuku la nini?"

"Lazima tujue ubaya una nguvu kiasi gani."

Meza ambayo Mjomba huijaribia kazi zake ni ya Mama Magazeti, mbele ya lango la chuo cha ushonaji. Mama Magazeti ni mwanamke mnene mwenye kiti cha turubai na maoni juu ya kila kitu. Mjomba alikunja majalada matatu ya majaribio juu ya majarida ya zamani, akampa. Naye akayapanga kama anavyopanga yote, moja likalalia jingine. Sisi wawili tukajibanza kwenye kivuli cha duka la jirani, daftari wazi. Mhariri alisimama upande wa pili wa barabara kwa fundi viatu, akijifanya ana shida ya kisigino. Fundi, ambaye hakujua kwamba anajifanya, akamvua kiatu akaanza kukifumua.

Sampuli ya kampuni ya nje ilikuwa nzuri ajabu: taa, moshi, na neno kubwa la dhahabu upande wa kulia. Mama Magazeti alipoilalisha chini ya nyingine, dhahabu yote ikazikwa. Kilichobaki kikionekana kilikuwa kiwiko.

Mkono wa kwanza ulikwenda kwa kuku. Alikuwa bwana mwenye baiskeli.

"Mama, hili lina habari za chanjo?"

"Lina habari za muziki, baba."

"Kuku wanapigiwa muziki?"

"Mimi nauza tu."

"Nimesikia wanataga zaidi," alisema yule bwana, akalipekua kwa makini mpaka katikati, akalirudisha akiwa na masikitiko.

Akaja mwingine, kisha mama mmoja mwenye kuku watatu wanaokohoa, alivyosema mwenyewe. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema lolote juu ya kibaya chenye mabawa, ambacho asubuhi ile kilijiuza bila kupiga hatua. Kufikia saa nne na nusu Mjomba alikuwa na mistari kumi na mmoja chini ya kuku, miwili chini ya kiwiko, na mitatu chini ya jalada letu. Hakuna hata mkono mmoja kati ya hiyo yote uliokuwa chini ya miaka arobaini. Mjomba alikuwa akiuzungusha mfuniko wa kalamu, anaufunga, anaufungua.

Kisha kengele ya chuo ikalia na lango likafunguka.

Walitoka makundi makundi, tepu za kupimia zikining'inia shingoni. Wengi walipita. Wawili walikuwa wameshapita, halafu mmoja akarudi hatua tatu nyuma. Akashika ukanda mweusi kwa vidole viwili, akalivuta jarida letu nje.

"We! Si Chiriku huyu?"

"Ndiye. Mbona kama ananiangalia?"

"Ananiangalia mimi. Wewe sogea."

"Anavaa hereni kama dada yangu, vile vile, mdomo wazi."

Wengine wakasimama. Jarida likaanza kupita mkono hadi mkono. Yule wa kwanza akamgeukia mwenye meza.

"Mama, huwezi kuniuzia jalada peke yake?"

"Mwanangu, hili si chungwa," Mama Magazeti alimjibu. "Huwezi kuondoka na ganda ukaniachia nyama."

"Basi nitalichukua lote. Lakini litaenea kwenye mlango wa kabati?"

Mwenzake akaivua tepu shingoni, akapima. "Halitaenea. Labda tukate hapa." Akapitisha ukucha kutoka juu hadi chini, kwenye mpaka wa nyeusi na njano, mahali palepale, unywele kwa unywele, ambapo Mjomba alikuwa amepiga mstari wake jana.

Mjomba akafunga daftari. Mikono ilikuwa ingali ikija, lakini hakuihesabu tena.

Mhariri alivuka barabara akichechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine kwa fundi.

"Kuku ameongoza," alisema.

"Ameongoza kwa wafugaji," Mjomba alimjibu.

"Sisi tuna wafugaji?"

"Hatuna."

Mhariri akawatazama wale wasichana. Walikuwa wameanza kupanga zamu ya nani atalichukua kwanza. Akavuta pumzi. "Lipelekwe kiwandani."

"Lipi?"

"Mzee wangu, usinifanyie mzaha, nimesimama na kiatu kimoja."

"Na matangazo madogo?"

"Yule mbwa nitamtafutia mtu mwingine," alisema. "La mwezi ujao nalitaka mapema. Na umuulize tena msomaji wako." Akanitupia jicho. "Mara mbili."

Jioni ile Mjomba aliliandaa jalada kwa safari ya kiwandani, akanifukuza chumbani wakati wa kumalizia, akidai nampumulia shingoni. Siku zilizobaki za adhabu yangu nilizitumia kupanga pini.

Nilirudi shule nikiwa mtu mwingine kwa muda wa siku tano. Siku ya sita jarida likafika. Lilizunguka vitanda vyote vya bweni letu na la jirani, na wembe haukupumzika. Wasichana ambao hawakuwahi kununua jarida lolote waliungana wawili wawili. Ukanda mweusi ulikatwa kwa rula bila mabishano, ukageuka alama ya kushikia ukurasa kwenye vitabu vya biolojia.

Jumamosi Matroni akafanya ukaguzi. Tulisimama kila mmoja kando ya sanduku lake, vifuniko wazi. Akatembea kutoka kitanda hadi kitanda, na katika kila kifuniko cha pili Chiriku alikuwa akivaa hereni. Akafika kwangu, akasimama, akainama. Harufu ya dawa ya mswaki ilikuwa kali.

"Huyu msichana nani?"

"Mwanamuziki, Matroni. Wa maadili."

"Hm. Anaonekana mtu wa kwao." Akasogeza uso karibu zaidi, akaweka kidole kwenye kona ya chini, kulia, mbali kabisa na mahali pa kukatia. "Na hiki je?"

Nami nikainama. Ndani ya njano, mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, alisimama kuku jike wa rangi ya udongo, akinikazia jicho. Nilikuwa nimekata jalada lile kwa mikono yangu na sikumwona. Nikatazama sanduku la jirani: yupo. La pili yake: yupo. Bweni zima lilikuwa na kuku.

"Nimekuuliza, Mheshimiwa. Kuku anafanya nini hapa?"

Nilinyoosha mgongo. Nilijaribu kuipata sauti yangu ya kutangazia, ikaja imekatika katikati, ikabidi nikohoe.

"Ni ishara ya vijana, Matroni," nilisema. "Siruhusiwi kueleza zaidi."

Matroni akatoa daftari mfukoni, akaandika.